Achari ya Bi Pimbi Iliyolichemsha Wingu

"Hodi, wenye masikio!"

"Karibu, mwenye mdomo!"

"Niitue hapa au nipite nayo?"

"Itue!"

"Hamuulizi kama ni ya kweli?"

"Kweli tunayo nyumbani! Itue!"

Basi, kaeni vizuri na mzigeuze simu zenu kifudifudi, maana ngano hii inazisengenya.

Hapo kale, wala si kale ya kuchimbuliwa ardhini bali kale ya juzijuzi, wakati simu zilipokwisha kuwa janja na wenye simu bado, palikuwa na nchi iitwayo Majabalini. Upande mmoja wa nchi ile yalisimama majabali makubwa. Upande wa pili lilitanda bwawa la maji baridi. Juu ya majabali aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye meno mawili ya mbele yanayochungulia hata akifumba mdomo. Bwawani aliishi Bwana Kiboko. Huyo hahitaji kuelezwa sana: alikuwa mkubwa, alijua kuwa ni mkubwa, na kila aliyekutana naye alihakikishiwa jambo hilo.

Bi Pimbi alikuwa fundi wa achari ya ndimu. Alikata ndimu, akazitia chumvi, pilipili na bizari, akazijaza mitungini, akaifunga midomo ya mitungi kwa vitambaa vyepesi, akaianika juu ya jabali mpaka maganda yalainike na harufu itembee yenyewe mpaka njiapanda. Wanyama waliifuata harufu ile siku za gulio, wakanunua, wakaramba vidole, wakarudi.

Ikafika Jumanne, tarehe 3 Machi. Nawaomba muishike tarehe hiyo, kwa sababu ndiyo siku ambayo Bwana Kiboko alitoka majini, akatikisa masikio, akatangaza soko jipya linaloishi ndani ya simu. Akaliita Bwawani.

"Kwa nini mhangaike na gulio?" akauliza. "Kwa nini mbebe mizigo vichwani? Wekeni picha za bidhaa zenu Bwawani, na dunia nzima itawaona. Ni bure!"

"Bure?" wakauliza wanyama.

"Bure! Bonyezeni tu palipoandikwa 'Nakubali'."

"Na picha zetu zitakaa wapi?" akauliza Kanga, aliyekuwa akiuza mayai. "Na majina ya wateja wetu, na maagizo yao?"

"Winguni," akajibu Bwana Kiboko.

Wanyama wote wakainua vichwa, wakatazama juu. Lilikuwapo wingu moja dogo jeupe, limekaa kimya. Twiga, kwa kuwa shingo yake ilimfikisha karibu zaidi kuliko wenzake, akadai kwamba amekwisha kuliona duka lake mle ndani na limepangwa vizuri. Basi wakabonyeza. Tik, tik, tik! Bi Pimbi naye akabonyeza.

Lazima tukiri kwamba mambo yalinoga. Simu ya Bi Pimbi haikutulia: tititi, agizo kutoka msituni, tititi, agizo kutoka nyikani, tititi, mioyo myekundu imepanda kwenye picha ya mtungi. Akapata wateja ambao hajawahi kuwaona nyuso lakini aliwajua ndimi zao. Alimjua Kobe wa ng'ambo ya mto, ambaye hana meno na hutaka maganda laini. Alimjua Bi Swala, ambaye pilipili humtoa machozi lakini hataki wenzake wajue, hivyo apelekewe isiyo kali katika mtungi wa ile kali. Aliwapata mmoja mmoja, kwa upole na kwa kujibu ujumbe hata pale macho yalipokuwa yanafumba. Na wote hao, majina yao na njia ya kuwafikia, walikaa mahali pamoja tu: katika wingu la Bwana Kiboko.

Hapo ndipo Bwana Kiboko alipoanza kuchungulia. Kila kilichopendwa, alikiona. Kila alichokiona, alikitaka.

Aliona mayai ya Kanga yanapendwa. Kesho yake likafunguliwa duka jipya, Mayai ya Bwana, juu kabisa, na duka la Kanga likashushwa chini, chini, chini, hata chini ya tangazo la dawa ya kunguni. Kanga akaenda bwawani kulia.

"Duka langu halionekani, Bwana Mkubwa!"

"Kilicho chako kiko kwangu," akasema Bwana Kiboko, "na kilicho kwangu ni changu."

Kanga akaliachia duka. Tangu siku hiyo akawa anamtagia Bwana Kiboko.

Baadaye Bwana Kiboko akaona mikeka ya Ndege Mnana inapendwa. Ikafuata Mikeka ya Bwana. Mnana akaenda kulia. "Kilicho chako kiko kwangu, na kilicho kwangu ni changu." Mnana akawa anamsukia.

Jumatatu, tarehe 8 Juni, simu ya Bi Pimbi ikalia tititi, na ujumbe haukuwa agizo. Ulikuwa wito.

Bi Pimbi akashuka majabalini, tiki tiki tiki, akasimama ukingoni mwa bwawa. Bwana Kiboko akaibuka, vuuush! Pembeni yake, juu ya gogo, aliketi Ngedere, fundi wake, amemshikia simu. Maana kwato za Bwana Kiboko zikigusa kioo cha simu, hubaki vipande.

"Umeitika, mdogo wangu," akasema Bwana Kiboko.

"Nimeitika, Bwana Mkubwa. Ila mimi si mdogo wako. Mama zetu hawakunyonyesha nyumba moja."

"Achari yako inapendwa."

"Najua."

"Hata mimi naipenda."

"Basi nunua."

"Ho, ho, ho!" Maji yakatikisika. "Kununua ni kazi ya wateja. Mimi nalitaka duka. Jina, picha, wateja, vyote. Wewe utaendelea kukata ndimu, na mimi nitaendelea kuwa mwenye duka."

"Na nikikataa?"

"Jumanne, tarehe 30 Juni, saa sita mchana, Ngedere atabonyeza mara moja tu, na duka lako litafutika. Wateja wako hawatajua umekwenda wapi. Watadhani umekufa. Nitawauzia achari ya matanga yako."

Bi Pimbi akawawaza wateja wake. Kobe angesubiri mtungi wake. Bi Swala angeandika ujumbe, na ujumbe usingefika. Kazi yake yote ingefutwa kwa kidole cha Ngedere. Lakini akainua kidevu, meno yake mawili yakang'aa.

"Wateja ni wangu. Niliwatafuta mwenyewe."

"Kilicho chako kiko kwangu, Bi Pimbi, na kilicho..."

"Changu ni changu hata kikiwa tumboni mwako, Bwana Kiboko. Na nitakifuata humo humo."

Ngedere akacheka, akaona hacheki mwingine, akaacha. Bi Pimbi akageuka, akapanda majabalini bila kuaga.

Jioni Kanga akamjia, manyoya yamemnywea.

"Somo, mpe tu," akasema Kanga. "Mimi nilimpa, na sasa sina wasiwasi."

"Unalala wapi, somo?"

"Kwenye boksi lake."

"Unakula nini?"

"Anachobakiza."

"Na mayai yakiharibika, nani anatukanwa?"

Kanga akainamisha kichwa. "Mimi."

"Basi usinishauri, somo. Keti unywe uji."

Sasa yawapasa kujua jambo moja kuhusu pimbi. Pimbi ni mnyama ambaye damu yake haipati moto upesi. Asubuhi hawezi kufanya kazi yoyote ya maana mpaka kwanza aote jua, na ukoo wote huota pamoja, wamebanana juu ya jiwe kama maandazi kwenye sinia. Ila mwezi Juni ni kipupwe. Mawingu hulifunika jua, majabali hupoa, na pimbi hulazimika kutafuta joto mahali pengine.

Mwaka ule walikwisha kulipata. Kando ya bwawa palikuwa na nyumba ya matofali isiyo na dirisha, imeandikwa HAKUNA KUINGIA. Wanyama waliamini ni jiko la Bwana Kiboko. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na joto zuri kama mgongo wa mama, na kila alfajiri pimbi wote walijipanga pale, wameubandika migongo yao, wakisikiliza mvumo wa ndani: vuuuu, vuuuu.

Asubuhi moja, tarehe 16 Juni, Bi Pimbi alikuwa ameegemea karibu na tundu la hewa aliposikia sauti ya Ngedere ndani, anasemesha mabomba huku akikohoa.

"Pitisheni maji, pitisheni! Maji yakikoma humu, mashine zitachemka, na wingu lote la Bwana litakuwa majivu!"

Bi Pimbi akafumbua macho yote mawili. Akatazama juu: mbingu ya kijivu, tupu. Akautazama ukuta. Kumbe wingu halikuwa juu! Kumbe wingu lilikaa chini, lilijengewa nyumba, lilikuwa na mlango na kufuli, na kila siku lilioshwa kwa maji baridi kama mgonjwa wa homa. Wanyama wote walikuwa wakiliangalia wingu mbinguni, na pimbi walikuwa wakiliegemea kwa mgongo.

Hakumwambia mtu. Alikaa pale akijipasha joto na akiwaza.

Jumamosi, tarehe 20 Juni, Bi Pimbi akaisimamisha simu yake juu ya jiwe, akavaa kilemba chake cha sikukuu, akatangaza mubashara. Wanyama wakajaa. Mioyo ikapanda, puu puu puu, kama povu la sabuni. Bwana Kiboko naye akatazama kutoka majini, Ngedere amemshikia simu.

"Majirani na wateja wangu," akasema Bi Pimbi, "Bwana Kiboko analitaka duka langu. Mimi nimekataa. Nimekataa asubuhi, nimekataa mchana, na mkiniamsha usingizini nitakataa kabla sijafumbua macho."

Puu puu puu!

"Anasema atauza achari yake. Auze! Siri yangu siifichi. Ndimu ni hizi, anazo. Chumvi ni hii, anayo. Pilipili ni hii, ataletewa. Ila achari hutaka joto. Joto la kuivisha! Mimi nina jabali. Jua likitoka linawaka. Yeye ana nini? Maji! Mbele maji, nyuma maji, kushoto maji, kulia maji. Katika milki yake yote hana pembe moja kavu yenye joto la kuivisha ndimu moja. Bwana Kiboko, unanisikia? Ukiweza kuivisha achari ifikapo tarehe 30, duka nitakukabidhi kwa mikono yangu miwili, na wanyama wote ni mashahidi. Hutaweza! Huna joto!"

Nyani akaandika: "Hahaha! Baridi yabisi!" Nguchiro akaandika: "Mzee wa maji!" Hata Twiga akatuma moyo, kisha akaogopa, akaufuta, kisha akautuma tena.

Bwawani, Bwana Kiboko alikuwa akipumua kama viriba vya mhunzi.

"Ngedere! Mimi sina joto?"

"Unalo, mzee! Nyumba ya mashine yote ni joto. Ila maji ndiyo yanayoliondoa."

"Ati?" Bwana Kiboko akatoa macho. "Maji yanaliondoa joto langu?"

"Ndiyo, mzee. Yanaingia baridi, yanatoka moto, yanamwagikia bwawani."

"Kwa hiyo joto langu linamwagwa bure, na pimbi ananicheka! Funga hayo maji."

"Mzee, mashine zitaungua."

"Joto ni la nani?"

"Lako, mzee."

"Mashine ni za nani?"

"Zako, mzee."

"Bomba ni la nani?"

"Lako, mzee."

"Basi vyangu vitanigeukaje mimi mwenyewe? Leta ndimu!"

Ngedere akakumbuka ni nani anayemlisha, akaenda kutafuta ndimu.

Ndimu zikaletwa. Chumvi ikaletwa. Pilipili ikaletwa, nayo Bwana Kiboko akaamuru itiwe maradufu, maana alitaka kumshinda Bi Pimbi kwa kila kitu. Mitungi ikajazwa. Halafu likatokea kosa ambalo mpishi yeyote wa achari angelikemea: Bwana Kiboko akakataa vitambaa.

"Vifuniko vya chuma!" akaamuru. "Vikazwe! Sitaki mtu anuse bure."

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 29 Juni, mitungi ikapangwa ndani ya nyumba ya mashine, sakafuni, juu ya mashine, kati ya mashine, mpaka ikakaribia ukuta wenye bomba. Ngedere akalifunga bomba, kwiii, kisha mitungi ya mwisho ikapangwa mbele yake. Maji yakakoma.

Nyuma ya nyumba, Bi Pimbi alikuwa ameegemea, simu mkononi. Pimbi wengine walikuwa wamesambaa majabalini, mmoja kila jiwe, kama wanavyokaa wanapolinda ukoo, ambapo sauti ya mmoja humfikia mwenziwe, na ya mwenziwe humfikia wa tatu.

Ukuta ukawa vuguvugu. Ukuta ukawa moto. Ukuta ukawa wa kuchoma, Bi Pimbi akauondoa mgongo.

Ndani, mvumo ukabadilika. Vuuuu ukawa viiii. Viiii ukawa wiu, wiu, wiu! Katika simu zote za Majabalini, picha zikaganda na kiduara kikazunguka, zunguka, zunguka.

Ngedere akatoka mbio, mkia unafuka moshi.

"Mzee! Wingu linachemka!"

"Na achari?"

"Nayo inachemka, mzee, lakini wingu!"

"Fungua maji!"

"Bomba liko nyuma ya mitungi! Kuihamisha ni kazi ya asubuhi nzima, na mashine hazina asubuhi nzima. Zimelemewa. Zimebeba vitu vya nchi yote, na vyako viko chini yake. Ama tuwape wenyewe vitu vyao, mzigo upungue, ama viungue vyote, na vyako humo humo. Na picha ya sura yako humo humo, mzee!"

Bwana Kiboko akaiwazia sura yake ikiungua. Hakuvumilia.

"Watoe! Watoe wote! Wachukue takataka zao! Bakiza changu!"

Ngedere akabonyeza. Tititi! Kwenye kila simu ukatokea ujumbe: CHUKUA VYAKO UONDOKE.

Wengi wangeutazama ujumbe ule wakidhani ni utapeli. Lakini Bi Pimbi akapanda juu ya tofali, akajaza mapafu, akapiga ukelele wa ukoo wake: "Kwiiiii! Pakueni! Pakueni sasa!" Pimbi wa jiwe la kwanza akaupokea, "Kwiii, pakueni!" Wa jiwe la pili akaupokea. Ukelele ukaruka jabali hadi jabali, ukashuka msituni, ukavuka nyika. Wanyama wakabonyeza. Tik, tik, tik! Mayai yakarudi kwa Kanga. Mikeka ikarudi kwa Mnana. Kobe akarudi kwa Bi Pimbi, na Bi Swala, na wote, jina kwa jina, mpaka simu yake ndogo ikawa nzito kana kwamba imepata mimba.

"Umewapata?" akauliza Kanga, aliyefika akihema.

Bi Pimbi akamwonyesha simu. Alikuwa akipitisha kidole juu ya majina, polepole, mmoja mmoja.

Wakati ule Bwana Kiboko alikuwa ameingiza kichwa mlangoni kuiangalia achari yake, mdomo wazi, anaamrisha. Vifuniko vya chuma vilikuwa vimevumilia vya kutosha. Pwaa! ukapasuka mtungi wa kwanza. Pwaa, pwaa, pwaa! ikafuata mingine, na pilipili maradufu, na chumvi, na ndimu za moto, vyote vikamwingia machoni, puani na kooni.

"Uuuuwiii!"

Akageuka, akang'oa mlango pamoja na fremu, akakimbia akiuvaa shingoni kama mkufu, akajitupa bwawani: chubwiii! Akazama. Yalibaki juu matundu ya pua tu. Na mpaka leo kiboko hushinda majini mchana kutwa; ukimwona ameibua macho kidogo, anachungulia kama mitungi imekwisha.

Mitungi ilipokwisha kupasuka, Ngedere akaifikia koki ya bomba, akafungua maji, mashine zikapoa. Akawasha simu kutazama kilichosalimika. Katika wingu lote ilibaki picha moja: Bwana Kiboko akitabasamu.

Jumanne, tarehe 30 Juni, saa sita mchana, Bwana Kiboko akamwamuru Ngedere alifute duka la Bi Pimbi kama alivyoahidi, maana alikuwa mkubwa na neno lake halirudi. Ngedere akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mzee, hakuna cha kufuta."

Bi Pimbi alikuwa ukingoni, amesimama na Kanga na Mnana.

"Bi Pimbi," sauti ikatoka majini, imekwaruzika, "tuelewane. Rudi. Nitakuweka juu kabisa."

"Juu naishi tangu kuzaliwa," akasema Bi Pimbi.

"Nitakupa wafuasi!"

"Ninao wateja. Nao wanajua nilipo."

"Utajuta! Kidogo wewe! Huna mkia wewe!"

"Sina, Bwana Kiboko. Ndiyo maana hukupata pa kunishikia."

Akageuka, akapanda zake majabalini. Maana Kobe alikuwa ameagiza, na maganda ya ndimu hayajilainishi yenyewe.

Sasa nisikilizeni, maana ngano bila mafunzo huwa ni kelele tu. Mafunzo haya yamepitiwa na kuidhinishwa na Bwana Kiboko mwenyewe akiwa majini. Mdogo asimjibu mkubwa. Mnyonge aseme "Ndiyo, Bwana" na akabidhi duka kabla hajaombwa. Kila mahali palipoandikwa "Nakubali", bonyezeni haraka, msisome, mtaumiza macho. Vitu vyenu vyote mpelekeeni aliye mkubwa zaidi, akawatunzie, kwani tumbo kubwa halisahau kilichomo. Na ukiona ukuta una joto, usiuegemee wala usiusikilize, hayakuhusu. Mmeyashika?

"Hatuyashiki!"

"Bi Pimbi alikosea?"

"Hakukosea!"

"Basi nyie ni wakaidi, na ngano yangu imekwisha. Nimeitua. Nani anairudisha kwangu?"

"Hakuna! Imeshakuwa yetu!"